Meza ya Mvinyo na Nafasi ya Asiyekunywa

Isiolo haimo katika ramani yoyote ya mvinyo. Hakuna mizabibu kandokando ya Ewaso Nyiro, na wakazi wengi wa kaunti hii ni Waislamu ambao dini yao imewakataza kinywaji hicho waziwazi. Jirani zao Wakristo, hasa Wamethodisti wenye asili ya Meru na waumini wa makanisa ya kiroho, wengi wao pia hawagusi kileo. Hata hivyo, nikiulizwa ni wapi nchini Kenya tungeketi kujadili jinsi ya kuufanya utamaduni wa mvinyo uwe mwepesi na wenye kumkaribisha kila mtu, ningechagua Isiolo kabla ya Nairobi. Nairobi swali hili limeshajibiwa na wauzaji: ongeza utamu, leta muziki, wafundishe vijana kushika glasi. Isiolo jibu hilo halifiki mbali. Hapa wapo watu ambao hawatakunywa kamwe, nao ni majirani, wakwe, wafanyakazi wenza na wahudumu wa meza ileile ambayo chupa imewekwa.

Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti watu 268,002: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu, Wagabra na wengineo. Mji wenyewe ulikua kama kituo cha mpakani. Palikuwa na karantini ya mifugo, makao ya utawala wa kikoloni wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na makazi ya Wasomali waliokuwa askari wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo barabara ya lami inapita hapa kwenda Marsabit na Moyale, na watalii hupita kwenda Buffalo Springs na Shaba. Semina ya siku tatu hotelini, kikao cha kaunti, harusi ya makabila mawili, chakula cha jioni cha watalii na waongozaji wao: meza za Isiolo huchanganya watu bila kuwaomba ruhusa. Chupa ya mvinyo ikiwekwa katikati ya meza kama hiyo, watu hugawanyika mafungu matatu papo hapo. Wapo wanaoujua mvinyo. Wapo wanaoutaka lakini wanaogopa kuaibika. Na wapo wasioutaka, wanaoogopa kuulizwa kwa nini. Mijadala ya kuulegeza utamaduni huu hulishughulikia fungu la pili na kulisahau la tatu, ilhali yote mawili yanaumwa na kitu kimoja: mgeni amefanywa mtahiniwa.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tuanze na kinywaji ambacho Isiolo inakijua kwa undani, yaani maziwa ya ngamia. Ngamia hula vichaka na matawi ya miti, na maziwa yake hufuata malisho. Yana chumvi kidogo, na ladha hubadilika kulingana na mahali mnyama alipolishwa na msimu uliopo. Wanawake wanaoyapokea kutoka kambi za wafugaji upande wa Kulamawe huyanusa na kuyaonja kabla ya kuyamimina pamoja, kwa sababu mtungi mmoja uliochacha huharibu shehena nzima. Ushirika wa wanawake wa Anolei umejenga biashara juu ya pua na ulimi huo. Maziwa hufika mjini, hupozwa, kisha hupakiwa basi kwenda Eastleigh, Nairobi, ambako wateja wanayasubiri.

Kisha kuna chombo. Vibuyu na vyombo vya kusuka hufukizwa kwa moshi wa miti iliyochaguliwa, ikiwemo mzeituni wa mwitu na aina za migunga. Moshi hukitakasa chombo, huyachelewesha maziwa kuharibika, na huyaachia harufu ambayo mtu aliyelelewa nayo huitambua kabla hajaweka kikombe mdomoni. Maziwa yakikaa siku moja au mbili ndani ya kibuyu kilichofukizwa huwa susa: machachu na mepesi, kwa kuwa maziwa ya ngamia hayagandi mazito kama ya ng'ombe. Mama aliyezoea kazi hii anajua ni mti gani unafaa, ufukize kwa muda gani, na ni lini susa imefika mahali pake.

Kila jambo ambalo mpenzi wa mvinyo hulitaja kwa fahari limo humo: ardhi, malisho, msimu, mti, chombo, muda. Ni elimu pana na imerithiwa. Lakini mgeni anayekaribishwa kikombe hahitaji hata chembe yake. Hakuna anayemkodolea macho kuona kama ataitambua harufu ya mzeituni. Akisema ni machachu sana, atachekewa kwa upole na kuongezewa sukari au kuletewa chai. Waborana wana heshima kama hiyo katika kahawa yao, ambapo buni nzima hukaangwa kwa samli, hutiwa maziwa, baraka hutolewa, kisha huandaliwa waliopo. Kuna taratibu nyingi katika tendo hilo na zote ziko mikononi mwa wenyeji. Mgeni anapokea tu. Isiolo, ujuzi wa kinywaji ni mzigo wa mwenyeji, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote hili.

Sitaki kuupamba ukarimu wa kienyeji kupita kiasi. Muratina ya jamii za Mlima Kenya, inayochachushwa kwa asali au maji ya miwa pamoja na tunda la mwegea, ni mvinyo kwa maana yoyote ya haki, nayo ilikuwa na milango yake. Ilikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na matambiko, na vijana na wanawake waliwekewa mipaka mikali. Hata biashara ya maziwa ya ngamia ina wenyewe, na si rahisi kwa mtu asiye na ukoo au jamaa ndani yake kuingia. Mipaka hiyo, hata hivyo, ilisemwa wazi. Kijana alijua kwamba hajafika umri. Hakutakiwa kujifanya amefika, wala kukariri majina ya vijiji vya nchi asiyowahi kuiona ili aruhusiwe kukaa.

Tazama sasa mvinyo unavyoletwa katika hoteli ya kitalii. Mgeni hukabidhiwa orodha ya majina ya Kifaransa, Kiitaliano na Kiafrikana bila maelezo. Anatakiwa achague mbele ya wenzake, huku bei zikimtazama. Chupa inafunguliwa, kidogo kinamiminwa katika glasi yake peke yake, na mhudumu anasimama akisubiri hukumu. Desturi hiyo ilikuwa na maana nzuri hapo mwanzo: mwenyeji alionja kwanza ili ajue kama kizibo hakikuuharibu mvinyo, asije akawapa wageni wake kitu kibovu. Yaani ilikuwa ulinzi kwa mgeni, kama mama wa Kulamawe anavyonusa mtungi. Imegeuka mtihani, na sababu yake imepungua. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 watengenezaji wa Australia na New Zealand wamehamia kwa wingi kwenye vifuniko vya kuzungusha, na chupa nyingi zinazofika kwenye rafu za Kenya hazina kizibo cha kuukagua. Mhudumu bado anasimama.

Wanaotahini wenyewe hawako imara kama wanavyodhaniwa. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson wa Marekani alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba majaji wa mashindano ya California, wakipewa mvinyo uleule zaidi ya mara moja bila kujua, ni karibu mmoja kati ya kumi tu aliyeweza kurudia alama zinazokaribiana. Sitaji matokeo haya ili kuwadharau wenye ujuzi. Mtu anayeweza kukuambia mvinyo gani utakwenda vizuri na mbuzi choma ana kitu cha thamani. Ninachosema ni kwamba elimu yenye mashaka kiasi hiki haiwezi kuwa kipimo cha kumwaibisha mtu mbele ya wakwe zake.

Hofu hiyo ina historia, na nchini mwetu si ya zamani sana. Mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain ya 1919 iliwafungia Waafrika pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya bara. Ndani ya koloni la Kenya sheria za ulevi ziliwagawa watu kwa rangi kwa miongo kadhaa: vinywaji vya Wazungu katika vilabu vyao, pombe ya kienyeji katika kumbi zilizosimamiwa na manispaa, chini ya vibali. Eneo la kaskazini lilifungwa zaidi. Kwa sheria za 1902 na 1934 mtu hakuingia wala kutoka bila pasi, na mvinyo mezani Isiolo ulikuwa wa maafisa na wageni wao. Baada ya uhuru serikali iliunda Kenya Wine Agencies Limited mwaka 1969 ili biashara ya mvinyo na pombe kali iwe mikononi mwa Wakenya. Katika miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitengeneza hata mvinyo wa mapapai. Kuna watu wanaoukumbuka kwa kukunja uso. Mimi nauheshimu, kwani lilikuwa jaribio la kweli la kuutoa mvinyo klabuni na kuuleta kwenye tunda ambalo kila mtu analo uani.

Sehemu nyingine ambayo wengi wa mji huu waliuona mvinyo ni kanisani. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya zabibu halisi isiyoharibika, na kwa Wakatoliki wa Isiolo kikombe cha altare huenda ndicho kilichowahi kuwa karibu nao kuliko chupa yoyote ya dukani. Wamethodisti walipitia njia nyingine. Mwaka 1869 Thomas Welch, Mmethodisti wa Marekani, aligundua namna ya kuichemsha juisi ya zabibu ili isichachuke, akitaka waumini wasiokunywa kileo washiriki meza ya Bwana bila kuvunja dhamiri yao. Leo makanisa mengi ya Kiprotestanti Kenya hutumia juisi, mara nyingi Ribena. Naliona hilo kama jibu zito kuliko linavyopewa sifa. Waliuliza ni nani aliye mezani kabla ya kuuliza ni nini kilicho kikombeni. Walimfikiria mlevi anayejaribu kuacha, mtoto na mjane mwenye nadhiri, kisha wakakibadilisha kikombe.

Nirudi kwa fungu la pili, la wanaotaka kunywa lakini wanaogopa. Kwao vikwazo vingi ni vya kipuuzi na vinaondoleka kesho asubuhi. Cha kwanza ni harufu. Vitabu vya mvinyo vinamwambia mtu anuse matunda ya misituni ya Ulaya, majani ya vichaka vya Uingereza, matofaa ya kijani. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichora gurudumu la harufu ili watu wapate maneno ya pamoja, na alifanya kazi njema, lakini maneno yale yalitoka bustani za kwao. Ntsiki Biyela, aliyezaliwa Mahlabathini, KwaZulu-Natal, hakuwahi kuonja mvinyo kabla ya kupata ufadhili wa kuusomea Stellenbosch. Alikuja kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo nchini mwake, na sasa ana kampuni yake, Aslina, yenye jina la bibi yake. Amekuwa akieleza wazi kwamba alipaswa kuitafuta njia ya kuusema mvinyo kwa vyakula alivyokua navyo. Wazimbabwe wanne waliokimbilia Afrika Kusini na kuanza kazi mahotelini, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Pardon Taguzu na Marlvin Gwese, walifika hadi mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona chupa, Burgundy, mwaka 2017. Pua zao zilifunzwa na vyakula vya Zimbabwe kabla ya kufunzwa na vitabu.

Mtu wa Isiolo ana utajiri uleule. Anazijua zambarau, ukwaju, ubuyu, asali ya migunga, ngozi iliyoloweshwa, vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, na zaidi ya yote moshi. Mvinyo mwingi mwekundu hukaa katika mapipa ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani, na harufu hiyo ya moshi, inayowashinda wanafunzi wa Ulaya, kwa mtu aliyenywea kibuyu ni jambo la utotoni. Mhudumu akisema "huu una ukali wa ukwaju na moshi kidogo mwishoni", amesema ukweli, na amesema kwa lugha ambayo meza nzima inaielewa, pamoja na wasiokunywa.

Kikwazo cha pili ni kanuni zilizosafiri bila kuzingatia hali ya hewa. Mvinyo mwekundu, tunaambiwa, unywewe kwa joto la chumba. Chumba chenyewe kilikuwa cha jumba la mawe la Ulaya lenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Isiolo saa tisa alasiri kinaweza kupita nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo hunuka kileo na kuunguza koo. Mwekundu uwekwe kwenye friji nusu saa kabla ya kumiminwa. Na mwenye duka asiuache dirishani. Chupa iliyosafiri kwa lori kutoka Mombasa ikachomwa na jua njiani, kisha ikasimama kwenye rafu ya jua kwa miezi, inafika glasini imekwishapikwa. Mnywaji mpya anaukunjia uso na kujilaumu kwamba hana ulimi, ilhali ulimi wake umesema kweli.

Cha tatu ni dharau kwa utamu. Wakenya wengi huanza na mvinyo mtamu kama Caprice au 4th Street, huongeza barafu, huchanganya mwekundu na soda, na kwenye sherehe hufungua boksi ya lita tano yenye mfuko na bomba. Wajuzi hushtuka. Lakini Wabaski wa Hispania huchanganya mvinyo mwekundu na kola nusu kwa nusu, wakauita kalimotxo, na hunywa hadharani kwenye sikukuu zao. Wagiriki wa kale waliuchanganya mvinyo na maji na kumhesabu anayeunywa mtupu kuwa mshenzi. Boksi yenyewe ilibuniwa Australia na Thomas Angove mwaka 1965, na huuhifadhi mvinyo uliofunguliwa kwa wiki kadhaa, jambo ambalo chupa haiwezi. Kwa hoteli ndogo inayouza glasi mbili kwa juma, boksi ina akili kuliko chupa. Anayetaka barafu apewe barafu.

Kuhusu bei nitasema kifupi, ingawa wengi hudhani ndiyo habari yote. Kwa viwango vya ushuru vilivyopitishwa Desemba 2024, mvinyo hutozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na pombe kali shilingi 10. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 13 hulipa takriban shilingi 219. Chupa ya ukubwa huohuo ya pombe kali ya asilimia 40, yenye kileo mara tatu, hulipa 300. Mtu mwenye pesa chache anasukumwa na sheria kuelekea kinachomwangusha haraka. Siombi mvinyo uwe rahisi ili watu wanywe zaidi. Nasema tu kwamba nchi iliyozika watu zaidi ya kumi kwa pombe ya sumu huko Kirinyaga mnamo Februari 2024 ingepaswa kujiuliza ni kileo gani imekifanya kiwe cha bei nafuu.

Hapo ndipo lazima tuwatazame kwa uangalifu wanaoimba wimbo wa kukaribishana. Shirika la kimataifa la mvinyo, OIV, lilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa hektolita milioni 214, kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Wazee wa Ulaya wanapunguza, vijana wao hawaanzi, na wauzaji wanatafuta wanywaji wapya mahali pengine, Afrika ikiwemo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari kwa afya, na kileo kimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988. Kenya nayo ina sheria ya 2010 iliyoweka umri wa miaka 18 na saa za baa, na mwaka 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri upande hadi 21. Makaribisho ambayo lengo lake ni kuongeza idadi ya wanywaji ni biashara, na yaitwe biashara. Utamaduni mwepesi wa mvinyo, kwa maana ninayoitetea, unaweza kabisa kumalizika kwa watu kunywa kidogo zaidi: glasi moja na chakula, bila aibu ya kuacha nusu, bila mtu wa kujaza glasi kabla haijaisha.

Sasa fungu la tatu. Katika karamu nyingi zenye mvinyo, asiyekunywa huwekewa soda na maji ya chupa, kana kwamba ni mtoto aliyeletwa na wazazi. Wanywaji wana majina, miaka, maeneo, glasi ndefu. Yeye ana chupa ya plastiki. Kisha huja maswali: hata kidogo? Unaumwa? Umeokoka? Huko ni kumtahini kwa upande wa pili. Wapo wenye nia njema wanaomletea Mwislamu mvinyo uliotolewa kileo wakidhani wamemfanyia wema. Vinywaji hivyo mara nyingi hubakiza hadi asilimia 0.5 ya kileo, na hata kisipobaki kitu, watu wengi wacha Mungu hawapendi kushika glasi inayofanana na kile walichokatazwa. Aulizwe anachopenda, aletewe. Mji wenye susa, chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi na iliki, kahawa ya samli, juisi ya ukwaju na ya maembe hauna sababu ya kumpa mtu yeyote kinywaji kisicho na hadhi.

Na kuna mtu wa nne, ambaye katika mijadala yote niliyoisoma hatajwi kabisa: anayemimina. Hoteli za Isiolo na za hifadhini huajiri vijana wa hapa, na wengi wao ni Waislamu. Katika hadithi inayojulikana sana ya Mtume, laana ya ulevi haikomei kwa mnywaji. Imewataja pia anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayemimina. Kijana wa Kiborana anayetembea na trei kuelekea meza ya watalii anabeba jambo zito kuliko chupa. Wapo waliotafuta fatwa ya dharura kwa kuwa kazi ni chache, wapo wanaofanya na kunyamaza, wapo walioacha. Kwa mgeni, utulivu wa jioni ile ulikuwa mtamu. Kwa mhudumu ulikuwa na bei ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kulirekebisha hili hakuhitaji fedha. Meneja anaweza kupanga zamu ili asiyetaka kushika kileo ahudumie chakula, chai au mapokezi, bila kupunguziwa mshahara wala sehemu yake ya bahashishi, na bila kulazimika kujieleza kila siku. Anayekubali kumimina afundishwe vizuri, pamoja na kuonja kwa wale wanaokunywa, ili mzigo wa ujuzi uwe kwake na si kwa mteja. Chini ya Katiba ya 2010 leseni za vileo ni kazi ya kaunti, kwa hiyo kaunti ingeweza kuliweka jambo la zamu miongoni mwa masharti ya leseni ya hoteli. Sijui sababu ya maana ya kulikataa.

Mvinyo wenyewe unaofaa kuwekwa mezani hapa upo karibu. Leleshwa hutengenezwa Naivasha na imebeba jina la kichaka chenye harufu kinachojulikana kote Bonde la Ufa. Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu wa tropiki hauna majira ya baridi ya kuulaza. Hoteli ya Isiolo ingeweza kuwa na orodha moja ya vinywaji, isiyotenganisha vyenye kileo na visivyo nacho kana kwamba kimoja ni cha wakubwa. Maziwa ya ngamia ya Kulamawe, yaliyokamuliwa leo, yana chumvi kidogo. Susa ya siku mbili, moshi wa mzeituni wa mwitu. Mwekundu wa Dodoma, umepozwa, unakwenda na mbuzi. Mweupe wa Naivasha, mkali kama ndimu. Ukwaju na tangawizi. Kila kimoja na mahali kilipotoka, kila kimoja kwa maelezo ya mstari mmoja na bei yake, vyote kwa maandishi ya ukubwa mmoja, na glasi nzuri kwa kila atakayeagiza.